Mbwa Asiyekula Mkononi Mwangu

Kota ya nyuma, Milimani,
Kisumu.
Jumanne asubuhi.

Ndugu yangu Wekesa, mtoto wa mama,

Keti vizuri kwanza ndipo usome, usije ukaanguka. Kaka yako Barasa sasa ni mtu mkubwa hapa Kisumu. Nakaa Milimani kwa matajiri, kwenye nyumba ya vyumba ambavyo sijamaliza kuviingia, na funguo zote ziko kiunoni mwangu zinalia kama njuga. Kila siku napika minofu ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, ile myeupe isiyo na mfupa ambayo Wazungu wanapelekewa kwa ndege. Tena nimekuwa mwalimu. Mwanafunzi wangu alifuzu mpaka wageni wa Nairobi wakampigia makofi.

Haya, basi. Najua umeshamwita Nafula umsomee kwa sauti, ili aone ameolewa katika ukoo gani. Mwambie arudi jikoni. Nyumba si yangu, mimi ni askari wa lango. Funguo ninazo kwa sababu mwenyewe amehama. Minofu ni ya mbwa, mimi naonja chumvi tu, ingawa kuna siku naonja sana. Na mwanafunzi ni huyo huyo mbwa. Huo ndio ukubwa wangu wote. Lakini makofi yalikuwa ya kweli, na nitakueleza yalivyopatikana.

Kwanza hali zenu. Goti lako linaendeleaje? Mama mdogo bado anasikia kwa lile sikio moja, au nalo limegoma? Mahindi yameota au mmepanda mawe tena? Nasikia kanisa limekufanya shemasi. Wekesa! Wewe uliyekuwa unalala kwenye ibada mdomo wazi, nzi wanaingia wanatoka kama wana tikiti! Nilipopata habari hiyo nilicheka mpaka majirani wakachungulia. Mimi mwenyewe ni mzima, ila dole gumba la mkono wa kulia haliko sawa, ndiyo maana mwandiko umepinda. Usiseme ni pombe. Pombe ni Jumamosi.

Sasa sikiliza habari ya mbwa.

Tajiri wangu anaitwa Bwana Ogutu. Zamani alikuwa akibeba samaki kwa baiskeli kutoka ufukweni, akinuka kama sisi wengine. Halafu mbuta wakawa dhahabu. Viwanda vinakata minofu vinapeleka ng'ambo, na sisi wenye ziwa tunaachiwa kichwa na mifupa, tunaita mgongo wazi, maana samaki amevuliwa shati. Bwana Ogutu akanunua lori moja la barafu, likazaa la pili, na utajiri ukamjia haraka hata tumbo lake halikupata nafasi ya kujiandaa. Akanunua nyumba hii kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na Mzungu akamwachia mbwa. Jina lake Bosko. Mbwa wa aina ya polisi, masikio wima, mgongo mweusi, kifua kama cha ndama.

Mbwa alipobaki bila Mzungu wake alikuwa anazunguka ua kama mjane. Na mimi nilikuwa nimekaa langoni sina la kufanya. Unakumbuka kwetu mbwa mgeni anafanywa nini: unachukua tonge la ugali, unaliweka kwapani, unatembea nalo mpaka lilowe jasho, ndipo unampa ale. Akishalimeza tonge, amekumeza wewe. Ukimpeleka Uganda atarudi. Basi ugali ulikuwepo na kwapa lilikuwepo. Nikampa. Nilifanya kwa mchezo tu, nione kama mbwa wa Mzungu naye anajua mila.

Wekesa, anajua. Tangu siku hiyo nikienda chooni ananingoja mlangoni. Nikikohoa anainuka. Nikilala mchana analaza kichwa juu ya gambuti zangu, hivi viatu vyangu virefu vya mpira, na mtu akipita anafungua jicho moja.

Shida ilianza Jumapili moja. Walikuja wageni wa Bwana, wanunuzi wakubwa wa samaki kutoka Nairobi, wakaketi kwenye nyasi na bia zao. Bwana Ogutu alikuwa ameona kwa hao hao wageni jinsi mbwa anavyokuja kulaza kichwa kwenye goti la mwenyewe, na akaona utajiri wake haujatimia bila kichwa cha mbwa gotini. Akapiga makofi, akaita, "Bosko! Kam! Kam hia!" Bosko akamwangalia kama mtu anavyomwangalia muuza maji akiwa amesimama kando ya ziwa. Akapita kati ya viti, akaja mpaka langoni, akalaza kichwa kwenye gambuti yangu.

Mgeni mmoja mnene akasema, "Ogutu, kumbe hii boma ni ya askari? Mzee, tunaomba ruhusa ya kuketi!"

Wakacheka wote. Bwana Ogutu naye akacheka, lakini kwa meno tu.

Kesho yake akanijia langoni. "Mzee Barasa, hii mbwa ni ya nani?"

"Ni yako, Bwana."

"Mbona inalala kwa miguu yako?"

"Labda gambuti zinanuka samaki, Bwana."

Hakucheka. "Wale wageni wanarudi mwisho wa mwezi. Wakiikuta hapo tena, wewe na gambuti zako mtatafuta lango lingine."

Lango lipi, Wekesa? Siku hizi askari ni vijana wenye filimbi na sare, wanakimbia na wanajua karate. Nani atachukua mzee anayelala akiwa amesimama? Na nyumbani sina pa kurudi, maana nasikia nyumba yangu umeifanya ya mbuzi. Usikatae, niliambiwa hata rangi ya beberu.

Basi nikajifanya mjuzi. Nikamwambia Bwana habari ya tonge na kwapa. Ungekuwepo ungekufa. Tajiri mzima, mwenye malori, anazunguka ua na fulana, mkono mmoja umebana ubavu kama kuku aliyevunjika bawa. Atieno, msichana wa jikoni, alikuwa anauma leso yake asicheke. Tonge likaiva. Bwana akalitoa, akamnyooshea Bosko. Bosko akanusa, akapiga chafya mbili kubwa, akalichukua kwa heshima na ncha za meno, akaniletea mimi.

Kosa ni marashi. Yule bwana hujipaka kila asubuhi. Kwapa la tajiri halina mtu ndani, linanuka duka.

Hapo ndipo alipoletwa Sajini. Ni mzee mstaafu, aliwahi kufundisha mbwa wa askari, ana vidole pungufu na hataki kuulizwa vilikokwenda. Akanitazama, akamtazama mbwa, akamtazama Bwana, akasema, "Hii si kazi ngumu. Mbwa ni kama kurutu. Anataka mama na anataka adui. Wewe Bwana utakuwa mama. Huyu mzee atakuwa adui."

Nikamuuliza, "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye anakupenda. Adui ambaye hukumpenda hafundishi kitu."

Mpango ulikuwa hivi. Asubuhi namfunga Bosko kwenye mti wa mpera, nampiga kwa fimbo. Akishalia vya kutosha, Bwana anatoka mlango wa jikoni mbio, anapiga kelele, "Acha mbwa yangu, mshenzi wewe!" ananinyang'anya fimbo, ananizaba kofi mbele ya mbwa, mimi nakimbia. Kisha anakaa chini na kumkumbatia na kumlisha minofu kwa mkono. Na jioni mimi namletea nyama yangu, ila ya kwangu imejazwa pilipili kali, ili ajifunze kwamba mkono wa Barasa ni moto.

"Na kofi ni lazima liwe kofi?" niliuliza.

"Mbwa anajua kofi la uongo," Sajini akasema.

Siku ya kwanza nilimpiga kama mtu anayefukuza inzi. Bosko akadhani ni mchezo mpya. Fimbo ikaniponyoka, akaiokota, akaniletea, mkia unapepea, akaiweka juu ya mguu wangu akangoja niirushe. Sajini akatema mate. "Mzee, piga kama mtu anayetaka kazi yake."

Nikapiga kama mtu anayetaka kazi yake.

Mbwa akilia halii kama mbwa, Wekesa. Analia kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemtarajia. Bwana akatoka mbio, amevaa pajama za mistari, "Mshenzi wewe!" akanizaba. Nikakimbia mpaka nyuma ya tangi nikijishika shavu na kucheka, maana pajama zilikuwa zimemvuka nusu makalio. Nilimwambia Atieno, sasa mimi ni Yuda wa maigizo ya Pasaka, tofauti ni kwamba Yuda alilipwa kabla. Atieno hakucheka. Akasema, "Woi, mzee. Hata shetani hupumzika Jumapili."

Hatukupumzika Jumapili. Kesho yake Bosko alinijia mwenyewe, anatambaa, tumbo linafuta nyasi, masikio yamelala, akairamba ile gambuti. Alikuwa anaomba msamaha. Hakujua wa kosa gani, lakini aliomba, kama wewe unavyoomba kila Jumapili. Sajini akaionyesha fimbo kwa kidole. Nikampiga akiwa anaramba.

Na Bwana Ogutu, mwanzo alikuwa ananizaba kwa aibu. Baadaye mkono wake ukapata utamu. Akaanza kutoka kabla mbwa hajalia. Akaanza kutumia mikono yote miwili. Siku ambayo lori lake moja lilikwama njia ya Bondo na samaki wakaoza, alinizaba mpaka Sajini mwenyewe akasema, "Imetosha, Bwana, mbwa ameshaona." Tulikuwa darasa moja, mimi na Bosko, tunachapwa somo moja. Mwenzangu tu ndiye alikuwa anapewa minofu baadaye.

Ile pilipili ilichukua muda. Mbwa ni mwaminifu kuliko tumbo lake. Nikimletea sahani anakula ili asiniudhi, machozi yanatoka, anakimbilia bomba la maji, anarudi, ananiangalia, anakula tena. Mimi nilifikiri, huyu hatajifunza kamwe, kichwa chake ni kama cha ndugu yangu. Nilifikiri tena hivi: haidhuru, siku Bwana akiridhika nitampa tonge lingine la kwapani, tutarudi kama zamani. Mbwa husahau. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na hapo ndipo nilipokuwa mjinga, maana nilipima mbwa kwa kipimo cha watu.

Asubuhi moja nikaja na kamba nimfunge. Akasimama. Midomo ikapanda, nikaona meno yote mpaka yale ya nyuma ambayo sikuwa nayajua. Sauti ilitoka tumboni. Sajini akapiga makofi, akanipa mkono. "Mzee," akasema, "umefuzu."

Wageni wakarudi mwisho wa mwezi. Bosko akalaza kichwa kwenye goti la Bwana Ogutu, akafumba macho. Yule mnene akasema, "Ah, Ogutu, sasa wewe ni mwenye boma." Bwana akafurahi hata akasahau alipo. Akasema, "Hiyo si kitu. Ngojeni muone." Akaniita. "Mzee Barasa! Leta barafu!"

Nikaleta barafu. Sikufika kwenye meza. Bosko aliniruka kama mlango uliong'olewa na upepo, nikaanguka chali, barafu ikatawanyika, na dole gumba langu likawa ndani ya mdomo wake. Bwana akapiga mluzi, Bosko akaniachia pale pale, akarudi kulaza kichwa gotini. Ndipo makofi yakapigwa, yale niliyokwambia. Wengine walisimama. Nikapewa soda. Ya moto.

Baada ya hapo ikawa mchezo wa kila Jumapili. "Mzee, leta barafu!" Nikajifunza kuvaa makoti mawili.

Sasa sikia mambo ya matajiri. Mtu akipata kichwa cha mbwa gotini, anataka kichwa kingine. Bwana Ogutu akapata mwanamke Nairobi, msomi, mweupe, anapiga chafya akiona manyoya hata ya kuku. Mizigo ikapakiwa, Atieno akachukuliwa na sufuria zake. Sajini alikuwa ameshalipwa na kwenda zake. Bwana akaniita kupitia dirisha la gari, kioo nusu. "Utachunga nyumba mpaka wapangaji wapatikane. Utachunga na Bosko."

"Bwana, Bosko hanikubali."

"Atakubali. Si wewe ndiye mwalimu?"

Gari likaondoka. Bosko akaruka ukuta ambao hajawahi kuuruka, akalifuata. Watu walimwona akipita katikati ya mji, akipita Kondele, ulimi nje, anafuata vumbi. Alirudi kesho yake nyayo zimechanika, akajilaza ndani ya lango, uso barabarani. Akikuta nimesimama karibu ananguruma bila hata kugeuka, kama mtu anayekemea mtoto huku anasoma gazeti.

Nikampikia minofu. Hakugusa. Nikapika bila chumvi. Hakugusa. Nikaacha sahani nikajificha nyuma ya tangi. Akanusa sahani, akasikia harufu ya mkono wangu, akarudi kulala. Nikanawa mikono kwa sabuni ya kufulia, nikashika nyama kwa majani ya mgomba. Akanusa majani, akanionyesha meno. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Wahenga hawakusomesha mbwa na Sajini. Mbavu zikatoka, ukaweza kuzihesabu kama mabati ya kanisa lako.

Kuna mama anapita hapa na karai kichwani, anauza mgongo wazi wa kukaanga. Anaitwa Mama Adhiambo, anatoka Obunga, mdomo wake ni mkali kuliko kisu chake. Akasimama langoni.

"Jaduong', mzee, hii mbwa umeifunga mdomo na nini?"

"Na elimu, mama."

"Elimu gani? Hii itakufa na wewe unaiangalia tu na macho!" Akatua karai, akachuchumaa, akanyoosha kichwa cha samaki. Bosko akakiangalia kichwa, kisha akaniangalia mimi. Mama Adhiambo naye akaniangalia. "Toka hapo, mzee. Toka kabisa. Peleka hata harufu yako."

Nikaenda nyuma ya ukuta. Nikasikia mifupa inavunjika.

"Yawa! Si inakula!" akapiga kelele. "Kumbe shida ni wewe!"

Tangu hapo akawa anamwachia kichwa au mkia akipita, na mimi najificha kwenye nyumba niliyoajiriwa kuilinda. Nikamwomba amchukue. Akasema ana chumba kimoja na watoto wanalala kama dagaa wa omena kwenye gunia, mbwa atalala juu ya nani?

Juma lililopita jirani akaniita kwenye simu yake. Bwana Ogutu, kutoka Nairobi.

"Wapangaji wanaingia Jumatatu. Hawataki mbwa. Hiyo kitu bado iko?"

"Iko, Bwana. Imekonda, lakini iko."

"Imalize. Weka dawa kwa nyama. Dereva wangu atakuja Jumapili, umuonyeshe mahali umezika."

"Na mimi, Bwana?"

"Ukimaliza hiyo kazi utabaki na wapangaji. Usipomaliza, mtoke pamoja." Akakata.

Nisikudanganye, kwa sababu wewe unapenda kusikia watu wazuri kwenye barua. Nilinunua dawa. Mtu wa umri wangu haachi lango kwa ajili ya mbwa aliyemla dole. Nikapika minofu, nikatia dawa, nikaweka sahani mahali pake. Bosko akainuka taratibu, akanusa, akainua mguu wa nyuma, akakojoa juu ya sahani nzima. Kisha akalala. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Fikiria, Wekesa: yale yale tuliyomfundisha kwa fimbo ndiyo yaliyomwokoa. Ningekuwa rafiki yake angekula akashukuru.

Utasema ningetumia rungu. Nililiinua. Akainuka naye. Tukatazamana, kisha kila mmoja akaketi.

Ndipo akili ikanijia. Akili mbaya huja ikiwa imevaa vizuri. Mkononi mwangu hali, lakini mkononi mwa Mama Adhiambo anakula. Nikapika minofu mingine, nikatia dawa, nikafunga kwenye karatasi, nikangoja. Alipokuja nikamwambia, "Mama, leo mpe hii. Mimi ananikataa."

"Leo umekuwa mtu," akasema. Akachukua. Mimi nikarudi nyuma ya ukuta, lakini safari hii nikachungulia. Akachuchumaa, akafungua karatasi, Bosko akaja kwake mkia chini, ukaanza kupepea kidogo, kile kidogo nilichokuwa nimekisahau. Akanyoosha shingo.

"Acha!" nikasema.

Mbwa akaruka nyuma. Mama akashtuka. "Nini?"

"Imeoza hiyo. Lete."

Akanusa. "Haijaoza, mzee. Hii hata mimi nakula."

"Nimesema imeoza! Lete hapa, mama, na unawe mikono!"

Akanirushia karatasi kifuani, akanitukana kwa Kijaluo maneno ambayo sitayaandika kwa shemasi, akanawa. Kisha akampa Bosko kichwa cha samaki kutoka kwenye karai lake.

Usiniulize kwa nini. Labda niliogopa mama yule atalamba vidole. Hiyo ndiyo sababu, nimeiandika, ibaki hivyo.

Nimechimba kaburi chini ya mpera. Ndani nimezika zile nyama, mawe, na gunia, na juu nimelipiga koleo vizuri likatuna kama la mtu wa heshima. Bwana nimempelekea neno kwamba kazi imekwisha. Kwa hiyo nitabaki na lango langu, ikiwa tu dereva atakapokuja Jumapili hatamkuta marehemu amelala hapo anamngurumia.

Nimeongea na Simiyu, dereva wa lori la omena anayekuja soko la Chwele. Yeye ndiye anayekuletea barua hii leo, na Jumamosi ndiye atakayekuletea Bosko. Mama Adhiambo atampandisha kwa samaki. Mimi nitakuwa mbali siku hiyo, ng'ambo ya barabara, upepo ukinijia usoni.

Msalimie Mama mdogo, mpigie kelele kwenye sikio lililobaki. Msalimie Nafula mkeo, mwambie ile ahadi ya jogoo bado naikumbuka. Msalimie Khaemba, mwenzangu wa tohara, muulize kama bado anasema yeye hakulia. Na katekista umwambie nasali, ukiona inafaa kudanganya.

Sasa neno langu la mwisho. Tulipokuwa vijana ulinikopa mbwa wangu jike ukaenda kuwinda nguruwe wa mwitu, mvua ikanyesha, ukamwacha shimoni ukarudi na kamba ya shingo mkononi. Ulisema utanilipa mbwa. Sijawahi kukudai, na leo pia sitaki unipe mbwa. Nataka umpokee mmoja. Jumamosi uwe sokoni mapema, uende wewe mwenyewe, usitume mtu. Mpe chakula kwa mkono wako. Lakini watu wanasema sauti yangu na yako ni moja, wakisikia mmoja nje ya nyumba hawajui ni nani. Kwa hiyo nakuomba, Wekesa, wewe usiyeweza kunyamaza: usimwite, usimsalimie, usimwombee. Mlishe kwanza ukiwa kimya.

Ni mimi kaka yako,
Barasa.